Presha haishuki, lawama kwa mgonjwa

Mgonjwa wa presha akirudi kliniki kipimo bado kiko juu, swali la kwanza huwa: "Dawa unameza?" Ni swali la haki. Vidonge vikiisha tarehe 20, wengi husubiri mshahara. Asiyeumwa kichwa hujiona amepona. Na dawa ya kukojoza huachwa asubuhi ya safari, maana ukikwama kwenye feri ya Likoni, choo utakipata wapi?

Lakini nimelipekua daftari la kliniki la mama mdogo. Miezi 14, vipimo sita, namba ya juu: 168, 172, 165... hakuna hata kimoja kilichoshuka chini ya 160, na shabaha ni chini ya 140. Mbele ya kila kimoja pameandikwa "aendelee na dawa". Amlodipini, miligramu 5, mara moja kwa siku. Na anaimeza, namwona mwenyewe, kila akimaliza chai ya asubuhi. Hapo aliyelegea ni nani?

Uchambuzi wa majaribio 42, uliochapishwa 2009, ulionyesha kuwa kuongeza dawa ya aina ya pili hushusha presha kama mara tano zaidi ya kuizidisha maradufu ile ya kwanza. Mara tano! Mama mdogo hata hiyo moja hakuzidishiwa. Presha hupandia njia nyingi: figo hubakisha chumvi na maji, homoni hukaza mishipa, ukiziba njia moja, mwili huchepukia nyingine. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mgonjwa aanzishiwe dawa zaidi ya moja, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Wala si mambo ya Wazungu tu: utafiti wa CREOLE wa 2019, uliofanywa kwa Waafrika weusi katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ulikuta amlodipini ikiunganishwa na dawa ya kukojoza, au na perindopril (dawa nyingine ya presha), hufanya kazi vizuri kuliko perindopril na dawa ya kukojoza zikiunganishwa bila amlodipini.

Daktari naye ana hoja. Foleni imefika mlangoni, na kipimo chenyewe huenda kinadanganya: mkanda umefungwa juu ya mkono wa buibui, mtu ndio kwanza amepanda ngazi, au mkanda ni mdogo na mkono mnene. Sawa, basi akae dakika 5, mkono uwe wazi, apimwe tena. Vipimo sita vya miezi 14 si bahati mbaya.

Chumvi aliulizwa, na ng'onda na achari amepunguza (kwa manung'uniko). Magoti hakuulizwa. Mwezi uliopita muuguzi mmoja alimwambia amwage mezani kila anachomeza nyumbani. Kwenye mkoba ikatoka diklofenaki ya duka la mtaani, anayoimeza kila usiku kwa ajili ya magoti, dawa inayobakisha chumvi na maji mwilini na kupandisha presha.

"Hii nayo ni dawa ya kuhesabu?" mama mdogo aliuliza.