Nairobi Imenila Vidole

Mashine imesema sina vidole.

Siyo kwamba vimekatika, la. Ninavyo kumi, nimevihesabu palepale mbele ya yule dada wa dirishani, na yeye akanisaidia kuhesabu kwa macho. Lakini kompyuta ikikataa imekataa. Nikabandika gumba juu ya kile kioo chenye taa ya kijani, ikalia "ti!" ikageuka nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Cha kati, nyekundu. Kilichopita ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto peke yake, kile ambacho tangu nizaliwe hakijafanya kazi yoyote zaidi ya kuchokonoa sikio.

"Fundi, hivi vidole umevifanya nini?"

Nimevifanya nini! Nimevipiga msasa, dada. Miaka minne nimekaa kando ya Ngong Road nalainisha vitanda vya tano kwa sita, naanza na msasa namba 80, naenda 120, namalizia 320 kabla ya vanishi. Mbao ikilainika na kidole kinalainika, hakuna anayebaki nyuma. Nikaviangalia vidole vyangu kwenye mwanga wa lile dirisha, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kwa makini kiasi kile. Kweli, vinang'aa. Unaweza kujionea uso. Ningekuwa meza, ningeuzwa bei nzuri.

"Rudi baada ya wiki mbili. Usishike msasa. Alama zitaota."

Zitaota! Kama mchicha.

Hiyo yote ni kwa sababu ya kadi. Kadi ya mgeni, ile inayosema kwamba mimi, mzaliwa wa Tanga, nakaa Nairobi na serikali inajua. Maana kuna vitu viwili hapa na watu huvichanganya. Kuna kibali, ambacho kinakuruhusu kufanya kazi, na hicho tajiri wangu alinihangaikia mpaka kikatoka, cha miaka miwili. Halafu kuna kadi, ambayo inaeleza wewe ni nani. Sheria inataka mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 ajiandikishe. Na kadi haiishi zaidi ya kibali. Kibali kikifa, kadi inazikwa naye. Likumbuke hilo, tutalirudia kwa machungu.

Kabla ya hapo nilikuwa nalindwa na Namanga. Sisi wa Afrika Mashariki tunagongewa muhuri mpakani, unapewa hata miezi 6, ikikaribia kuisha unapanda gari kilomita mia moja na sitini hivi, unavuka, unakunywa chai upande wa kwenu, unarudi. Nimekunywa chai ghali kuliko waziri yeyote. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, nikiwa karakana ya mjomba kule Tanga, na tulivyoielewa sisi vijana wa randa ni kwamba sasa mtu atakwenda Nairobi kama anavyokwenda kwa jirani kuomba chumvi. Chumvi napewa, sikatai. Ila jirani anataka alama za vidole kwanza.

Sasa niambie, ni nani hapa mjini asiyenijua? Makanga wa matatu yetu ananiita Tanga, na nikikosa shilingi kumi ananiambia "panda tu". Mama wa chapati ana daftari, ukurasa mzima ni wangu. Mwenye nyumba tarehe 5 anajua nilipo kuliko ninavyojua mwenyewe. Nimeoa hapa, mke ni wa Machakos, na mahari yenyewe bado nailipa kidogokidogo, kwa hiyo hata mbuzi wa ukweni wananijua. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 15, inasema aliyeoana na Mkenya kwa miaka isiyopungua 7 anaweza kuomba uraia. Sisi tuna mitatu. Kila tukigombana mke wangu ananikumbusha, "Umebakisha minne, chunga mdomo."

Wasionijua ni masoja.

Nairobi huingii jengo lolote bila kuacha kitambulisho mlangoni. Unakwenda kupima kabati la mteja ghorofa ya nne, soja anatoa mkono: "ID." Natoa pasipoti. Soja anaichukua kwa ncha za vidole, anaifungua kurasa zote kama anatafuta hela, anageuza juu chini, anaita mwenzake. Trei yao ina vijumba vidogo vya kuwekea kadi, pasipoti haitoshi. Basi inakaa juu ya meza pembeni ya chupa ya chai, na mimi kule juu napima kabati huku roho iko chini, nawaza ile chai. Ukurasa wangu wa 9 una duara la kikombe, limekaa vizuri kuliko muhuri wa Namanga.

Na hilo siyo baya. Baya ni wakishasoma.

"Aaa, wewe ni wa Tanga?"

Hapo sauti inashuka. Ukipita mtaa wowote wa Nairobi utaona kwenye nguzo za umeme vile vibao: mganga kutoka Tanga, anarudisha mpenzi, anashinda kesi, anaita mali iliyoibwa, na namba ya simu chini. Sijui ni akina nani hao, kwetu mtaani sijawahi kuwaona, nadhani walihamia wote huku. Lakini ndugu zangu hao wameniharibia jina. Kuna mteja alinipa kazi ya kabati, nilipomaliza akanivuta pembeni akanong'ona kama nimeweka "kitu" ndani. Nikamwambia nimeweka bawaba nne na kufuli. Akakonyeza jicho: "Sawa, mzee. Nimekuelewa."

Basi nikasema hapana, kadi lazima. Nikaenda saiba, kijana akanijazia fomu kwenye mtandao, kila nikimtajia jambo anauliza "unaspeli aje?" hata kwenye neno Tanga. Kulipa hakuna shida kabisa, hilo niliseme. Namba ya malipo ya serikali ni 222222, mtoto wa chekechea anaikariri, unabonyeza simu, pesa imekwenda. Hapo vidole vyangu vilikubalika mara moja, vyote kumi.

Jengo lenyewe silitaji, maana bado nitarudi. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikijisifu nimewahi, nikakuta foleni imekunja kona. Mbele yangu mama wa Kikongo amevaa kitenge kinachoweza kufunika lori, nyuma yangu mwalimu wa kutoka Uganda na mzungu mmoja mwenye viatu vya kupanda mlima. Sijui aliambiwa nini huyo. Saa tatu dirisha likafunguliwa. Saa tatu na nusu sistimu ikalala. Nairobi sistimu hailali kama mashine, inalala kama mzee: hakuna anayethubutu kuiamsha, wote mnakaa kimya mnasubiri igeuke upande. Mwalimu akasahihisha madaftari ya darasa zima. Mzungu akatoa ndizi.

Mama wa Kikongo akaniuliza kwetu wapi. Nikajikaza, nikasema pwani. Pwani ya wapi? Ya... Tanga. Mwalimu akaacha kusahihisha.

"Sasa wewe," akaniambia, "wa Tanga mzima, unapanga foleni ya nini?"

Foleni nzima ikacheka, hata mzungu, ambaye naapa hakuelewa chochote. Nami nikajaribu kucheka. Saa nane ndiyo nikafika dirishani, mengine umeshayasikia.

Jioni nikamweleza mkwe wangu kwa simu, nikitegemea kupewa pole. Mzee akaguna. "Wewe unalia na kadi ya mfukoni? Babu yangu kipande alikivaa shingoni." Akanisomea historia yote, na kwa muda wangu wa maongezi: sheria ya Waingereza ya 1915, iliyokuja kushika kasi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kufanya kazi atembee na karatasi yenye alama za vidole vyake na jina la bwana aliyemwajiri, ndani ya kikopo cha bati, kikining'inia kifuani kama kengele ya ng'ombe. Ndiyo maana mpaka leo watu wa makamo hapa huita kitambulisho kipande. Mimi nilikuwa sijui. Wiki yangu ya kwanza Nairobi askari wa doria alinikuta natafuna mhogo, akaniambia "toa kipande", nikamkatia nusu.

"Na vidole vya babu vilisoma?" nikamuuliza mkwe.

"Babu alikuwa analima. Vilisoma vizuri sana." Akakata simu.

Tajiri alipokea habari za wiki mbili bila msasa kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake ameingia chuo kikuu. "Sasa utafanya nini hapa?" Nikamwambia nitapima, nitakata, nitapigilia. Akasema kupima na kukata ana watu, msasa ndiyo alikuwa na mimi. Siku kumi na nne akazikata kwenye hesabu. Kwa hiyo nikakaa nyumbani, mwanamume mzima, naotesha vidole.

Kazi hiyo ni ngumu, usiione hivi. Jirani mmoja aliwahi kupitia hayo, yeye ni fundi wa mawe, akanipa masharti: maji ya moto marufuku, sabuni ya unga marufuku, saruji hata usiipite karibu, na kila usiku mafuta. Mke wangu akanunua mafuta ya mgando ya kopo kubwa, ananipaka, ananivalisha soksi mikononi. Soksi zangu za kijivu. Nimelala usiku kumi na tatu mikono iko kama miguu, ukiamka usiku kujikuna hujui umejikuna na nini. Asubuhi tunakwenda dirishani kukagua mazao. "Hiki kimeanza," anasema, ameshika gumba langu kama anachambua mchele. "Ona mstari. Hiki bado kipara."

Sharti la kutogusa sabuni nililipenda, sitadanganya. Siku tatu sikuosha hata kijiko. Siku ya nne mke wangu akaja na glavu za mpira, za manjano, mpya, bado ziko kwenye karatasi. Hakusema neno. Akaziweka juu ya sinki akaondoka.

Siku ya kumi na tano nikarudi kule nikiwa nimefunga mikono kwenye taulo, kama mtu aliyebeba mayai. Kwenye matatu sikushika chuma, makanga alinishika kiuno mpaka mjini. Dada wa dirishani ni yuleyule. Nikabandika gumba. Kijani! Nikabandika cha shahada. Kijani! Nyuma yangu mtu akapiga makofi. Vikapita vinane, kisha tisa, na cha kumi, wallahi, ni kile kidogo cha kushoto, kile kivivu, kilichopita mara ya kwanza bila tatizo. Nyekundu. Dada akakiangalia. "Kina mafuta mengi," akasema. Nikakifuta kwenye suruali. Kijani.

Kisha picha. Akaniambia nisicheke. Baada ya wiki mbili zile, nani alikuwa na mpango wa kucheka?

Nikaambiwa nisubiri ujumbe. Nimesubiri. Mvua ndefu zikaja zikaisha. Kila simu ikilia naruka, kumbe ni kampuni ya kubeti inanikumbuka, ni mikopo, ni mtu amekosea kutuma pesa anaomba nimrudishie pesa ambazo hazikuingia. Tajiri akanirudisha kwenye msasa wiki ile ile, na vidole vikarudi kuwa vioo kabla kadi haijachapwa. Ukinikamata leo ukataka kuhakikisha kadi ni yangu, vidole vya kwenye kompyuta na vya kwangu havifahamiani.

Imetoka Jumatatu iliyopita. Nzuri, siwezi kusema uongo, ngumu, inateleza, jina limeandikwa sawa herufi kwa herufi. Picha ni ya mtu anayetafutwa, lakini ni mimi. Nikaigeuza kutafuta tarehe ya kuisha. Kibali changu ni cha miaka miwili, na muda mwingi wa hiyo miwili tumeumaliza kwenye foleni, kwenye soksi na kwenye kusubiri. Kadi imebaki na wiki kumi na moja.

Sawa. Wiki kumi na moja ni zangu. Juzi nikavaa shati, nikaenda kwa mteja kwenye jengo ambalo soja wake ndiye aliyenichorea duara la chai. Alipotoa mkono sikungoja aseme, nikaichomoa, nikaitua kwenye trei, ikaingia kwenye kijumba chake taratibu, kama droo niliyoitengeneza mwenyewe.

Soja akaichomoa tena. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akaisogeza kwenye mwanga.

"Hii ni ya wapi? Hauna ID ya kawaida?"

Nikamwambia hiyo ndiyo ya kawaida yangu. Akasoma tena, polepole, midomo ikicheza. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akasogeza kiti karibu na mimi.

"Mtanzania. Wa Tanga?"

Nikanyamaza.

"Mzee wangu, niko na shida kidogo hapo nyumbani. Bibi alienda kwao tangu mwezi wa pili, simu hashiki. Wewe huwa unaitisha pesa ngapi?"

Nikafungua mdomo nimwambie mimi ni fundi wa makabati. Nikakumbuka zile siku kumi na nne tajiri alizokata. Nikakumbuka wiki kumi na moja, na kibali kipya, na fomu, na 222222.

"Kwanza," nikamwambia, nikavuta kiti, "uko na ngapi hapo?"