Vigelegele Vinane

Shemeji yangu ni Mkikuyu wa Nyeri, sisi watu wa Mombasa. Dada alipopata mimba, shemeji aliapa kwamba ataingia naye leba. Alikuwa ameona kwenye intaneti akina baba wa Uingereza wakiwashika wake zao mkono na kukata kitovu wenyewe. Mama yetu alicheka mpaka akashika mbavu. Kwetu mwanamume hukaa barazani, huitwa mambo yakishakwisha.

Basi uchungu ukamshika dada usiku, tukakimbia hospitali, hapa hapa Nairobi. Sista akampima: sentimita nane. Akamwambia alale chali. Mama alikuwa kwenye simu, spika nimeifungua. "Asilale! Apige magoti! Nyinyi nyote nimewazaa nimepiga magoti!"

Nikangoja sista anifukuze. Wapi! "Mama, hata sisi siku hizi hatukatazi," akajibu, akamgeuza dada akakumbatia mto. Shemeji alikuwa pembeni, kavaa gauni la hospitali mbele nyuma. Kichwa cha mtoto kilipochungulia tu, akasema "Haki..." akaporomoka kama gunia la waru, paji la uso likagonga troli. Sista hakugeuka. "Huyo muacheni hapo hapo. Wewe, njoo."

Wewe huyo ni mimi. Nikapewa mkasi. Kitovu si uzi, jamani: kinene, kina utelezi, na mkasi ulikitafuna kwanza ndipo kikakatika. Mvulana! Akalia, nikalia.

Simu ikaita tena. Mavyaa wa dada, kutoka Nyeri: "Ni nini? Ni nini?" Furaha ilikuwa imenikaba, nikajibu kwa vigelegele, vile vya Kipwani, mpaka pumzi ikaniishia. Chaji nayo ikaishia hapo hapo.

Sasa, Pwani kigelegele hakina hesabu. Wakikuyu wanahesabu: vitano mvulana, vitatu msichana. Kule Nyeri mavyaa na majirani zake walihesabu vinane. Tano na tatu. Pacha!

Na si pacha tu. Kwa mila yao mvulana wa kwanza huitwa jina la babake baba, msichana wa kwanza jina la mamake baba. Mzee amezaliwa, na mkewe naye amezaliwa, usiku mmoja! Nasikia hata mbuzi hakuulizwa.

Mchana, saa ya kuona wagonjwa, matatu ya kukodi ikamwaga akina mama getini, na sufuria ya njahi, maharagwe meusi ya kumwongezea dada maziwa. Mimi nilikuwa na chupa ya uji wa pilipili manga alioagiza mama yetu. Mavyaa alibeba shali mbili, ya buluu na ya waridi. Akamwona mtoto, akambariki, akainama kuchungulia chini ya kitanda.

"Wa pili yuko wapi?"

"Wa pili nani, mama?"

"Mimi!"

Akaita askari. Neno "mtoto ameibwa" likapita wodini, kila mzazi akamkumbatia wake, mmoja akajifungia chooni. Ilibidi sista alete faili, amsomee polepole: mtoto mmoja, wa kiume, kilo tatu na nusu. Kisha macho yote yakanigeukia mimi na koo langu.

Mavyaa akaikunja ile shali ya waridi taratibu, akamtazama dada. "Sawa. Na mimi nakuja lini?"

Dada akajifunika leso gubigubi, akaanza kukoroma. Shemeji, plasta kwenye paji la uso, akaachwa ajibu peke yake.