Ni dawa au ni ugali? Ubishi wa unene kwenye TLD

Kwenye kituo cha tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, CTC kama inavyoitwa na kila mtu, hudhurio huanzia kwenye mizani. Mtu anavua kandambili, anapanda, mhudumu anasoma namba na kuiandika kwenye kadi, kisha anaita anayefuata. Namba ikishuka, maswali huja papo hapo: unakohoa? Una homa? Unatoka jasho usiku? Ni utaratibu wa kusaka kifua kikuu, na umeokoa wengi. Namba ikipanda hakuna swali. Kuna pongezi tu: "Hongera mama, umenawiri."

Kwa miaka kadhaa sasa namba hizo zimekuwa zikipanda, na ubishi umezuka. Wanaotumia dawa wanasema kidonge kipya kinanenepesha. Wahudumu wengi wanawajibu: punguza ugali, acha chipsi, fanya mazoezi. Kidonge kinachozungumziwa ni TLD, mchanganyiko wa dawa tatu za kufubaza virusi, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, unaomezwa mara moja kwa siku. Mkataba wa bei wa Septemba 2017 uliushusha hadi kama dola 75 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegraviri kuwa chaguo la kwanza. Tanzania ilianza kuigawa mwaka huo huo. Kabla yake wengi walikuwa kwenye TLE, ambamo nafasi ya dolutegraviri ilishikwa na efavirenzi, ile iliyowapa watu kizunguzungu na ndoto za ajabu.

Pande zote mbili zina hoja nzito. Ila kabla ya kuzipima, lazima nieleze kwa nini wagonjwa wa zamani hawakubali kirahisi kuambiwa "ni chakula chako tu".

Wao walipitia stavudini. Miaka ya 2000, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kugawiwa kwa wingi Afrika Mashariki, kidonge kilichobeba mzigo kilikuwa mchanganyiko wa stavudini, lamivudini na nevirapini. Kilikuwa cha bei nafuu, hakikuhitaji friji, na kiliwainua watu kitandani. Baada ya muda miili ikaanza kubadilika. Mashavu yalizama, makalio yakaisha, mishipa ikachomoza kwenye mikono na miguu. Wengine waliota kitambi na kinundu nyuma ya shingo huku miguu ikiwa myembamba. Miguu ikawaka moto usiku. Sababu kubwa ilikuja kueleweka: stavudini huharibu mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nguvu, na seli za mafuta zilizo chini ya ngozi hufa. Nchi tajiri zilikuwa tayari zinaikimbia. Huku kwetu iliendelea hadi Novemba 2009, Shirika la Afya Duniani liliposema sasa iondolewe hatua kwa hatua, na kuondolewa kwenyewe kukachukua miaka mingine. Mashavu ya wengi hayakurudi sawasawa hata baada ya kubadilishiwa.

Dawa hiyo iliokoa maisha, na iliacha alama usoni. Waliozitaja alama hizo mapema waliambiwa washukuru kuwa wako hai. Mtu aliyeishi hayo akiona sketi hazifungi baada ya kuanza TLD, hawezi kutulizwa kwa neno la juu juu.

Sasa ushahidi. Utafiti uliozua mjadala zaidi unaitwa ADVANCE, uliofanyika Johannesburg kwa watu 1,053 waliokuwa wanaanza matibabu. Waligawanywa makundi matatu. Baada ya wiki 96, waliokuwa kwenye mchanganyiko unaofanana na TLE walikuwa wameongezeka kilo 2.3 kwa wastani. Waliokuwa kwenye mchanganyiko unaofanana na TLD, kilo 4.3. Kundi la tatu, lililopewa dolutegraviri pamoja na aina mpya ya tenofoviri inayojulikana kama TAF, liliongezeka kilo 7.1, na wanawake wa kundi hilo wakafika kilo 8.2. Cameroon nako, utafiti wa NAMSAL uliilinganisha dolutegraviri na efavirenzi ya dozi ndogo: baada ya wiki 48 upande wa dolutegraviri ulikuwa umeongezeka kama kilo 5, upande wa pili kama kilo 3. Nchi mbili tofauti, na mwelekeo ni mmoja. Kwa hiyo anayesema kidonge kina mkono wake hasemi upuuzi.

(Hapa niweke angalizo. Makala nyingi za Marekani na Ulaya kuhusu unene wa dawa hizi zinawazungumzia watu wanaotumia TAF. T ya kwenye TLD yetu ni ile tenofoviri ya zamani. Anayesoma kilo 7 au 8 na kudhani ndizo zinazomsubiri yeye anajitisha bure.)

Upande wa pili una jibu, na si jibu dogo. Kwanza, sehemu ya hesabu ni urejeo wa afya. Mtu anayeanza dawa akiwa dhoofu hana budi kuongezeka. Asipoongezeka ndipo pana tatizo. Pili, watafiti wa Afrika Kusini waliwapima vinasaba washiriki wa ADVANCE wakakuta jambo la kuvutia. Kuna watu ambao maini yao huivunja efavirenzi polepole, ikajaa damuni. Hao ndio walioongezeka uzito kidogo kuliko wengine. Waliokuwa wakiivunja haraka waliongezeka uzito karibu sawa na wale wa dolutegraviri. Maana yake, pengine dolutegraviri hainenepeshi kihivyo. Efavirenzi ndiyo ilikuwa inawazuia baadhi ya watu kunenepa kwa kuwasumbua mwilini. Tenofoviri ya zamani nayo imeonekana kubana uzito kidogo, na ndiyo maana walioipata TAF badala yake walipanda zaidi.

Tatu, tusisahau nchi yenyewe. Mwaka 1991/92 utafiti wa kitaifa wa demografia na afya ulikuta asilimia 11 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28, na TLD ilikuwa bado haijafika. Bodaboda zimeua kutembea, mafuta ya kupikia yameingia kila chungu, soda iko kila kona. Mwenye VVU anakula mtaani pale pale anapokula jirani yake.

Ukiniuliza nimesimama wapi: naona hoja ya efavirenzi ina nguvu kuliko wagonjwa wengi wanavyopenda kukubali, na wahudumu wengi wanaitumia vibaya. Kusema TLD inaliachia tu gari lililokuwa limefungwa breki ni maelezo mazuri ya kisayansi. Kwa goti linalobeba kilo za ziada, au kongosho linalolemewa na sukari, hayabadilishi kitu. Mwili hauulizi kilo zimetoka kwenye dolutegraviri au kwenye chapati. Na picha ya unene huu si ile ya stavudini: vipimo vya ADVANCE vilionyesha mafuta yakiongezeka kiwiliwilini na miguuni pia, kama unene wa kawaida. Hilo ni faraja kwa kuwa hakuna mashavu yanayozama. Linakuwa mtego kwa kuwa halionekani kama madhara ya dawa, kwa hiyo halimshtui mtu yeyote.

Kuna sababu nyingine ya kutoshtuka, na hii haimo kwenye majarida ya tiba. Huku kwetu wembamba ulikuwa hukumu. Mwaka 1985, madaktari walipoandika kuhusu wagonjwa wa Rakai, Uganda, ugonjwa wenyewe ulikuwa ukiitwa Slim, yaani "mwembamba" kwa Kiingereza. Kagera, ng'ambo ya mpaka, watu walijifunza kumsoma mwenzao kwa shingo na mikono. Macho hayo bado tunayo. Mwanamke mwenye VVU ambaye hajamwambia mtu ana ngao moja mtaani: mwili wenye nyama. Akiwa mnene hakuna anayemdhania. Akikonda tu, hata kwa mazoezi na mboga za majani, minong'ono inaanza sokoni na kwenye vikoba. Sasa mwambie mtu huyo apunguze kilo kumi. Kwa nesi ni ushauri wa lishe. Kwake ni kuvua ngao mbele ya majirani, na wengi wanaamua, kwa akili zao timamu, kuwa presha ni afadhali kuliko maneno.

Mtu huyo si mbishi wala mvivu, na bango la matunda ukutani halimfikii. Anahitaji kuambiwa kwa utulivu, faraghani, kwamba lengo si kukonda. Kupunguza kilo chache na kiuno kidogo kunatosha kushusha presha na sukari, na mwili unabaki na nyama zake. Ni mazungumzo ya dakika kumi, na dakika kumi ndizo hazipo kwenye foleni ya CTC.

Kwenye sukari ndipo mambo yanapokuwa ya haraka zaidi. Kliniki ya magonjwa ya kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala ilifuatilia wagonjwa 3,417 walioanza dolutegraviri; 16 kati yao sukari ilipanda hadi viwango vya hatari, wengi ndani ya miezi minne hivi. Kwenye kundi la kulinganisha la watu 3,230, alikuwa mmoja. Anayeitetea TLD atasema, na ni kweli, kwamba 16 kati ya 3,417 haifiki nusu ya asilimia moja. Lakini fikiria sukari iliyopanda sana inavyojitokeza: kiu, kukojoa mara kwa mara, na kupungua uzito. Mtu huyo akipanda mizani ya CTC ataulizwa kikohozi na jasho la usiku, atapelekwa kutoa makohozi, na wiki zitapita kabla ya yeyote kumtoboa kidole. Mizani iliyojifunza kusoma upande mmoja inaweza kukosea hata upande huo.

Wanaosema tusizungumze sana wana hofu ya kweli: mtu akisikia dawa inanenepesha ataiacha. Tunajua kinachofuata. Utafiti wa SMART, uliowashirikisha watu 5,472 na kuchapishwa mwaka 2006, ulijaribu kuwapumzisha wagonjwa dawa ili kuwaepusha na madhara yake. Ukasitishwa mapema, kwa sababu waliopumzishwa walikufa zaidi, na, jambo lililowashangaza wengi, walipata pia matatizo zaidi ya moyo. Virusi vyenyewe huumiza mishipa ya damu kuliko kidonge. Kwa hiyo kuacha TLD ili kupunguza kitambi ni kutoka kwenye hatari ndogo na kuingia kwenye kubwa. Kurudi efavirenzi nako si dawa ya unene: unarudisha ndoto na kizunguzungu, na unapoteza kidonge ambacho virusi vinapata shida sana kukizoea.

Ila hofu hiyo haihalalishi ukimya. Mei 2018, taarifa za Botswana zilipotia shaka kuhusu dolutegraviri na watoto wanaozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, nchi kadhaa zilikimbilia kuwanyima wanawake dawa hiyo. Julai mwaka ule ule wanawake wa Afrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali wakasema wapewe taarifa kamili na waachiwe wachague. Takwimu za baadaye zikaipunguza sana ile shaka. Waliodai kutendewa kama watu wazima hawakuikimbia dawa.

Hoja ngumu zaidi dhidi yangu ni ya pesa. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada, vituo vingi vya ukanda huu vimepoteza wahudumu, na hata kupatikana kwa kipimo cha wingi wa virusi kuna mashaka. Je, huu ndio wakati wa kudai vipimo vya kolesteroli? Hapana, sidai hivyo. Utafiti wa REPRIEVE, uliokuwa na watu 7,769, Uganda ikiwemo, ulionyesha mwaka 2023 kwamba dawa ya kushusha kolesteroli ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35 kwa wenye VVU wa miaka 40 hadi 75. Ni habari njema, lakini kuanza kuigawa kwa wote leo ni ndoto. Kinachowezekana ni kidogo kuliko hapo: futi ya fundi cherehani kiunoni, mashine ya presha inayofanya kazi, na tone la damu ya kidole kupima sukari kabla ya kuanza TLD na tena mwezi wa tatu au wa nne, hasa kwa aliyezidi miaka 40, mnene, au mwenye kisukari katika ukoo. Na mhudumu aangalie namba ya leo pamoja na ya mwaka jana. Zote ziko kwenye kadi ile ile.

Liko pia suala lisilohitaji hata shilingi, nalo ni la hatari. Dolutegraviri hupandisha kiwango cha metfomini, dawa ya kisukari, damuni kwa karibu asilimia 80, ndiyo maana inashauriwa anayezitumia zote mbili asizidishe miligramu 1,000 za metfomini kwa siku. Metfomini huandikwa kliniki ya kisukari, mara nyingi jengo jingine, kwa kadi nyingine, na daktari ambaye hajui kuwa mtu aliye mbele yake anameza TLD. Hajui kwa sababu hakuuliza, na mgonjwa hakusema kwa sababu kwenye benchi lile ameketi jirani yake. CTC ndiyo inayojua. Basi CTC imwandikie huyo daktari barua ndani ya bahasha, au impe metfomini yenyewe, palepale, pamoja na TLD yake.