Inchi ngapi? Ugomvi wa wapenzi wa hali ya hewa kila dhoruba ya theluji inapokaribia

Saa nne na nusu usiku, saa za New York, modeli ya Kimarekani ya GFS, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ijayo, huanza kutoa ramani zake mpya. Ikifika saa saba huja ya Ulaya, ile ya kituo cha ECMWF chenye makao yake Reading, Uingereza. Wapenzi wa hali ya hewa wa kaskazini mashariki mwa Marekani, nami nimekuwa mmoja wao tangu nihamie Buffalo, hukesha kuzisubiri kama watu wanavyokesha na matokeo ya uchaguzi. Ikitokea ramani moja inayoonyesha inchi 30 za theluji juu ya jiji, siku nane kabla ya siku yenyewe, haipiti muda imeshatua kwenye simu za watu wasiojua hata modeli ni nini. Hapo ugomvi unaanza. Wapo wasemao ramani hiyo ni mali ya umma, kila mtu aione. Wapo wasemao ni moto mikononi mwa mtoto, ingojewe kauli ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, NWS.

Nimewahi kuwa kila upande kwa nyakati tofauti, kwa hiyo nitajaribu kuutendea haki kila mmoja.

Dhoruba zenyewe zina tabia inayofanya ugomvi huu usiishe. Zile za pwani ya mashariki huzaliwa pale hewa baridi iliyoshuka kutoka Kanada inapokutana na hewa yenye joto na unyevu juu ya mkondo wa bahari wa Gulf Stream. Kitovu cha mgandamizo mdogo wa hewa, yaani moyo wa dhoruba, kikipita karibu mno na nchi kavu, joto la bahari huingia ndani na theluji inageuka mvua. Kikipita mbali, theluji inaishia baharini na samaki. Wakereketwa wana alama yao kwenye ramani, latitudo 40 kaskazini na longitudo 70 magharibi, kusini mwa kisiwa cha Nantucket: kitovu kikipita hapo, majimbo ya New England yanazikwa kwa theluji. Maili 50 huku au kule, habari inabadilika kabisa. Na siku tano kabla hakuna kompyuta duniani inayoweza kukuhakikishia maili 50.

Hilo lilionekana wazi usiku wa tarehe 26 Januari 2015. Makisio rasmi ya jiji la New York yalikuwa inchi 20 hadi 30, yaani sentimita 50 hadi 75. Meya Bill de Blasio aliwaambia wakazi kwamba huenda ikawa dhoruba kubwa kuliko zote katika historia ya jiji. Gavana Andrew Cuomo akaamuru treni za chini ya ardhi zisimame saa tano usiku, jambo ambalo halijawahi kufanyika kwa sababu ya theluji tangu zianze kazi mwaka 1904. Kulipokucha, kipimo cha Central Park kilisoma inchi 9.8.

Watu walikasirika, na hasira yao ilikuwa na msingi: siku nzima ya kibarua imepotea, na anayelipwa kwa saa hafidiwi na mtu. Gary Szatkowski, aliyeongoza ofisi ya NWS ya Mount Holly, New Jersey, aliomba radhi hadharani usiku uleule, akikiri kwamba viongozi walifanya maamuzi magumu kwa kuwategemea watabiri, na watabiri wakakosea. Nilimheshimu sana kwa maneno yale. Lakini tazama upande wa pili wa ramani. Islip, kwenye kisiwa cha Long Island, ilipata karibu inchi 25. Worcester, Massachusetts, ilipata inchi 34.5, rekodi ya mji ule. Dhoruba ilikuja kama ilivyosemwa, ila ilipita mashariki kidogo kuliko ilivyokisiwa, na ukingo wake wa magharibi ulikatika ghafla kama kanga iliyochanwa, ukiwaacha watu milioni nane upande wa theluji kidogo.

Kilichowauma wapenzi wa hali ya hewa ni kwamba shaka ilikuwepo na ilionekana. GFS, iliyokuwa imefanyiwa maboresho makubwa wiki mbili tu nyuma, ilikuwa ikionyesha theluji pungufu kwa New York. Modeli ya Ulaya ndiyo iliyosema kubwa. Na watabiri waliiegemea ya Ulaya kwa sababu inayoeleweka: mwaka 2012 iliwahi mapema kuona kimbunga Sandy kikikata kona kuelekea New Jersey wakati wenzake bado walikuwa wakikipeleka baharini. Ukishaokolewa na mtu mara moja, mara ya pili humsikiliza zaidi ya wengine. Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kuiegemea. Kosa lilikuwa kuwapa watu namba bila kuwaambia kwamba washauri wawili wakubwa wanapingana. Louis Uccellini, aliyekuwa mkurugenzi wa NWS wakati huo, mwenyewe alisema baadaye kwamba idara inapaswa kueleza vizuri zaidi mashaka ya utabiri wake.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya wale wanaotaka kila kitu kiwe wazi. Wanasema: tuonyesheni mgawanyiko. ECMWF haipigi hesabu mara moja tu. Hurudia mara 51, kila mara ikibadilisha kidogo vipimo vya mwanzo, kwa kuwa hakuna anayejua hali kamili ya anga lote kwa saa fulani. Majibu yote 51 yakikaa pamoja, una sababu ya kujiamini. Yakitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, una sababu ya kunyamaza kuhusu inchi.

Walipata hoja nyingine Machi 2017. Dhoruba ilikuwa ikikaribia, onyo la tufani ya theluji limeshatolewa, makisio ya New York yanavuka futi moja. Mchana wa kuamkia siku yenyewe, watabiri wa NWS waliona dalili kwamba kitovu kitapita karibu zaidi na pwani na theluji ya jiji itachanganyika na vipande vya barafu. Walijadiliana, wakaamua kutoyashusha makisio. Watabiri wana jina la wanachokiogopa: kifuta kioo cha gari, namba inayokwenda juu na kushuka chini mpaka msikilizaji anaacha kusikiliza. Central Park ikapata inchi 7.6. Habari za kikao kile zilipotoka kwenye vyombo vya habari, wengi waliona wamefichwa.

Mimi sioni kwamba walidanganya. Vipande vya barafu vina maji yaleyale ya theluji, huteleza zaidi, na ni vizito mno kwenye beleshi. Huko Binghamton, mbali na pwani katika jimbo la New York, theluji ilivuka inchi 30. Onyo lilikuwa sahihi. Lakini mtu mzima anaweza kuambiwa, "tumeshusha inchi, hatari iko palepale." Kumnyima sentensi hiyo ni kumchukulia mtoto.

Sasa niugeukie upande wa pili, maana wapenzi wenzangu hawapendi kuusikiliza.

Ramani nyingi za theluji zinazosambaa huchukua maji yote yatakayoanguka kama theluji na kuyazidisha kwa kumi, eti inchi moja ya maji ni inchi kumi za theluji. Kwenye baridi kali ya nchi kavu uwiano unaweza kufika 15 au 20. Karibu na bahari unaweza kushuka chini ya kumi. Baya zaidi, baadhi ya ramani huvihesabu hata vipande vya barafu kama theluji laini, kwa hiyo mahali patakapopata inchi chache za barafu panaonyeshwa rangi ya zambarau ya inchi 15. Anayeisambaza bila kueleza hayo hajafungua mlango wowote. Amemtupia jirani yake karatasi ya daktari bila daktari. Na kati ya ramani nne za GFS kila siku, ile ya kutisha ndiyo inayosafiri. Zile tatu za kawaida hakuna anayezituma kwa shangazi yake.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunalijua vizuri. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilikuwa kikielekea Dar es Salaam, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari, kikanyong'onyea kabla ya kufika, na watu wakaifanyia mamlaka mzaha. Mei 2024 kikaja Hidaya, Mafia ikapigwa kwelikweli. Kila kicheko cha mara ya kwanza kinapunguza masikio ya mara ya pili, na hilo ndilo linalowanyima watabiri usingizi.

Tena, uwazi peke yake hauokoi mtu. Desemba 2022 hapa Buffalo hapakuwa na mgogoro wa modeli. Siku kadhaa kabla, ofisi ya NWS ya hapa ilitumia maneno ya dhoruba ya mara moja kwa kizazi. Ziwa Erie lilikuwa bado halijaganda, upepo ungekuja ukilifuata urefu wake wote, ukizoa mvuke na kuumwaga juu ya mji kama theluji. Vyote vikatokea. Ijumaa tarehe 23 asubuhi ilianza kwa mvua, na kabla ya adhuhuri joto lilikuwa limeporomoka na mkono wako mwenyewe huuoni. Uwanja wa ndege ulipima zaidi ya inchi 50 mpaka dhoruba ilipokwisha. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengine ndani ya magari yao, wengine njiani kwa miguu. Amri ya kaunti ya kuzuia magari barabarani ilianza saa tatu na nusu ya asubuhi ileile, wakati wengi wameshafika kazini.

Buffalo ina Wakongo wengi, Warundi, Wasomali, watu waliokuja kama wakimbizi na sasa wanafanya usafi, wanapakia mizigo, wanatunza wazee. Maonyo mengi hutoka kwa Kiingereza. Kiswahili chake hupatikana jikoni, mtu akimsomea mwenzake. Jumatano ya wiki ile jirani yangu, mama wa Uvira anayefanya kazi ya zamu, alikuja na simu yake mkononi. Nilimpa hotuba yangu nzuri. Nikamweleza ziwa, upepo, futi mbili mpaka nne, nikamwonyesha ramani zote mbili. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akarudia swali alilokuja nalo.

"Sawa, Papa Neema. Sasa siku ya tano niende ku kazi ao nibakie nyumbani?"

Nilikuwa nimejibu kila kitu isipokuwa hicho. Nikamwambia, "Mama Riziki, Ijumaa usitoke. Kesho nunua unga, maji, dawa ya mtoto, chaji simu zote." Kazini kwao hakuna aliyekuwa amesema lolote, kwa kuwa amri haijatoka. Alipiga simu akasema haji, akiogopa kuipoteza kazi. Siku ile mimi nilikuwa ndiyo utabiri wake wote, na sikuwa na haki ya kujificha nyuma ya modeli.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: shaka isemwe, tena mapema, lakini isitembee peke yake. Leo ofisi za NWS hutoa namba tatu badala ya moja: kiwango cha chini ambacho kuna nafasi tisa kati ya kumi kukivuka, kinachotarajiwa, na cha juu ambacho kuna nafasi moja tu kati ya kumi kukivuka. Hilo ni ushindi wa wale waliodai uwazi baada ya 2015, na nauunga mkono kwa moyo wote. Bahati mbaya programu za simu bado humpa mtu namba moja, na hiyo ndiyo anayoamka nayo. Kwa hiyo ninapowaandikia majirani naweka zile tatu, kisha saa: mvua itageuka theluji saa ngapi, na mtu awe nyumbani kabla ya saa ngapi. Siku nane kabla siweki inchi kabisa. Husema kuna dhoruba inayowezekana, mpango wa safari usiwe mgumu. Wenzangu wananiambia nimekuwa mwoga. Jumuiya hii ina thamani nyingine ambayo haihitaji ramani ya kutisha: watu wa kujitolea wa mtandao wa CoCoRaHS, ulioanzia Colorado mwaka 1998 baada ya mafuriko ya Fort Collins, hupima mvua na theluji nyuma ya nyumba zao na kupeleka namba zao kwa wataalamu, na namba hizo husaidia kujua utabiri ulikosea wapi na kwa kiasi gani.

Kibao changu cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe kiko uani, mbali na ukuta, upepo usikirundikie. Unachomeka rula wima, unasoma, unaandika, unafuta kibao, unakirudisha juu ya theluji. Ukifuta kila saa utajipatia inchi nyingi za uongo, kwa sababu theluji hushindiliana kwa uzito wake. Kufuta kila baada ya saa sita ndiyo kanuni. Riziki, mtoto wa jirani, sasa ana miaka tisa na hunikumbusha muda ukifika. Msimu uliopita alisoma inchi nne na nusu mahali simu ya mama yake ilipoahidi nane. Aliniuliza kama aandike nane, kwa kuwa ndiyo iliyosemwa. Nikamwambia aandike alichokiona, naye akaandika 4.5, akaweka na saa.