Pundamilia hawakuongezeka

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Nyati nao waliongezeka mara kadhaa. Lakini pundamilia, anayekula majani ya nyanda zilezile na kuwindwa na simba walewale, alibaki palepale, kama laki mbili.

Naanza na pundamilia kwa sababu ndiye shahidi mkuu katika mjadala uliorudi sasa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani wanalenga kutokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza na kuua, ifikapo 2030, na wapo wanaouliza, tena kwa haki, mhifadhi wa wanyamapori ana sababu gani ya kuishangilia chanjo ya mbuzi. Wanasema ugonjwa ni breki ya asili. Iondoe, mifugo itazidi, malisho yatakwisha, na atakayebanwa mwishowe ni mnyama wa porini.

Sotoka ya ng'ombe, ambayo mdogo wake ndio huu tunaoujadili leo, haikuwa ya asili hapa. Iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na haikumaliza miaka kumi kabla ya kufika kusini kabisa mwa bara. Sehemu nyingi iliua ng'ombe tisa katika kila kumi. Wafugaji wakafa njaa, nyati na nyumbu wakafa pamoja nao. Nyumbu waliohesabiwa miaka 70 baadaye walikuwa kundi lililokuwa bado limekandamizwa na ugonjwa wa kuletwa.

Lilikandamizwaje? Mtazame ndama. Anazaliwa kwenye majani mafupi, maelfu ya wenzake wakizaliwa ndani ya wiki hizohizo. Dakika chache baadaye amesimama, miguu ikimtetemeka, anatafuta chuchu. Dang'a anayoinyonya inampa kinga ya mama yake, ikiwa mama aliwahi kuugua akapona. Kinga hiyo ni ya miezi tu. Ikishakwisha, huja homa, machozi na kamasi, vidonda mdomoni, kuhara, na mara nyingi kifo. Wakubwa waliopona hawaugui tena. Kwa hiyo sotoka iliwavuna wa mwaka huo kabla hawajazaa, mwaka baada ya mwaka. Kundi la namna hiyo halifi wala halikui, na anayelitazama kwa mbali anaweza kuapa kwamba limefikia uwiano wake wa asili.

Virusi vya sotoka ni ndugu wa virusi vya surua. Havijifichi ndani ya mnyama aliyepona, hivyo lazima kila siku vimpate mwingine asiye na kinga. Kwa muda mrefu mnyamapori alishukiwa kuwa ndiye ghala la ugonjwa, ng'ombe akionekana mwathirika tu. Chanjo ilionyesha kinyume chake. Ng'ombe wanaoizunguka Serengeti walichanjwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nyumbu waliozaliwa baada ya 1963 walipopimwa damu hawakuwa na dalili ya kukutana na sotoka. Hakuna nyumbu aliyekimbizwa na bomba la sindano. Aliyechomwa ni ng'ombe wa mfugaji, na zaidi ya milioni moja ya nyumbu wakapona kwa sindano hiyo.

Atakayesema ni mvua hakosei kabisa, maana miaka ya 1970 ilipata mvua nzuri za kiangazi na zilisaidia. Lakini majani ya mvua hizo pundamilia naye aliyala. Tofauti ni kwamba yeye hacheui, na sotoka ni hasa ugonjwa wa wanyama wanaocheua.

Breki nayo haikukosekana. Nyumbu waliacha kuongezeka pale chakula cha kiangazi kilipowatosha kwa shida, na ukame wa 1993 ukawashusha chini ya milioni. Kufa njaa si kifo cha huruma, sitaki kukipamba. Ila katikati ya hapo majani mengi yaliliwa badala ya kuungua, moto ukapungua, miti ikarudi. Nchi nzima ilibadilika sura kwa sababu ng'ombe waliacha kuugua.

Upande wa pili una pointi mbili ambazo siwezi kuzikwepa. Kwanza, ng'ombe na mbuzi si nyumbu: wanaongezeka mahali ambapo mashamba na uzio vinakula malisho kila mwaka, na chanjo isiyoandamana na mpango wa ardhi itaongeza msongamano. Pili, si kila ugonjwa una tabia ya sotoka. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa wa vijijini walichanjwa kwa miaka, na bado simba waliendelea kuambukizwa, kwa kuwa virusi hivyo vinaishi ndani ya wanyama wa aina nyingi.

Hata hivyo pointi ya kwanza inadai mpango wa ardhi, haidai ugonjwa. Anayeutegemea ugonjwa upunguze mifugo anamfilisi kwanza mwenye mbuzi kumi, halafu anauachia uvuke uingie porini. Mongolia, kuanzia mwisho wa 2016, sotoka ya mbuzi ilivuka hivyo na kuua maelfu ya saiga, swala ambao tayari walikuwa wachache. Serengeti na Ngorongoro kingamwili zake, yaani alama kwenye damu kwamba mnyama amekutana nayo, zimeonekana kwa wanyamapori, bila vifo vya halaiki. Hiyo ni nafuu, na mimi siioni kuwa sababu ya kusubiri.

Ninachohofia ni hesabu ya kuzaliana. Ng'ombe huzaa taratibu. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano, mara nyingi anazaa mapacha, na kila mtoto wa mbuzi ni nafasi mpya kwa virusi pindi kinga ya dang'a inapokwisha. Kundi lililochanjwa lote leo linaweza kuwa na mamia wasio na kinga kabla mwaka haujaisha. Kampeni ya mara moja, yenye picha na hotuba, itapitwa na vizazi viwili vya mbuzi. Timu ya chanjo irudi bomani kila msimu wa uzazi unapopita, iwatafute waliozaliwa.