Panya ana daftari, shangazi yangu hana

Jumamosi nilimkuta shangazi jikoni na kichupa cha unga mweupe, amebebewa na rafiki yake kutoka Dubai. Ana miaka 61 na magoti hayampi usingizi. "Hii inarudisha ujana wa seli, mwanangu," akaniambia huku akipekua droo kutafuta bomba la sindano. Nikakichukua nikakisoma. Kwa maandishi madogo ya Kiingereza: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Tangu siku hiyo nina hasira, na simkasirikii shangazi.

Kichupa kilikuwa cha BPC-157, peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino (vijenzi vya protini), hapa 15, iliyochunguzwa zaidi na watafiti wa Zagreb, Croatia. Kwa panya imejaribiwa mno. Kwa binadamu tafiti ni chache, na ndogo. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, waliipiga marufuku kwa wanamichezo mwaka 2022. Muuzaji hakumweleza hata moja kati ya haya.

Peptidi ni dawa, sibishi. Insulini ni peptidi, na bibi yetu aliishi kwa hiyo miaka mingi. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba baadhi ya hizi zinazonadiwa kwa ajili ya ujana huenda zikathibitika. Elamipretidi, ile wanayoiita SS-31, ni asidi amino nne tu. Inajishikiza kwenye utando wa ndani wa mitokondria, mahali seli inapotengenezea nguvu zake, na wanaouza ujana wanaitaja kila siku. Lakini Septemba 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliiidhinisha kwa ugonjwa wa Barth, maradhi adimu ya kurithi yanayodhoofisha moyo na misuli, hasa ya watoto wa kiume. Uzee haumo kwenye idhini hiyo.

Na tazama njia ambayo elamipretidi ilipitia. Jaribio lilikuwa na wagonjwa 12. Walipimwa mwendo wa dakika sita, uchovu, nguvu za misuli. Katika sehemu ya kwanza, kwa wiki 12 za matibabu, dawa haikufikia malengo makuu, na ikaandikwa hivyo hivyo, haikufikia. Waliobaki wakafuatiliwa miaka, wazazi wakapigania watoto wao. Hata leo idhini ina sharti: ushahidi zaidi uletwe.

Kila mmoja wa wale 12 alikuwa na mtu anayeandika habari zake. Hata panya wa maabara anaye. Shangazi akijidunga akaota jipu, au moyo ukamwenda mbio, au goti likapona kweli, nani ataandika? Enyi wauzaji, mnamwita mtu wa utafiti halafu hakuna mtafiti! Maumivu yake yangekuwa yake peke yake, yasingemfundisha daktari yeyote wala kumkinga mgonjwa mwingine. Huyu ni mama aliyenilea.

Nilimuuliza akizidiwa usiku atampigia nani. Akanionyesha namba ya muuzaji.

Kichupa kiko kwenye friji yake, nyuma ya maziwa. Ameniahidi hatakigusa mpaka Jumatano, tukapige picha ya goti.