Kichanga wa kilo 4 apewe mionzi kiasi gani?

Kichanga wa kilo 4 ameugua mara kwa mara maambukizi ya njia ya mkojo, na daktari anataka kujua kama figo zimepata makovu. Kipimo chenyewe ni DMSA: anachomwa sindano ya dawa yenye teknetiamu-99m, elementi inayotoa mionzi, dawa inatulia kwenye figo, kamera ya gama inapiga picha. Mwongozo wa Amerika Kaskazini wa 2010 unataka megabekereli (kizio cha nguvu ya mionzi ya dawa) 1.85 kwa kila kilo, yaani 7.4 kwa mtoto huyu. Lakini mwongozo huohuo unakataza kushuka chini ya 18.5. Anapata mara mbili na nusu ya stahili ya uzito wake, na hapo ndipo wengi wanapopiga kelele.

Hofu yao ina msingi. Mwaka 2013 UNSCEAR, kamati ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia athari za mionzi, ilieleza kwamba katika takriban asilimia 25 ya aina za saratani, ikiwemo ya damu, watoto huathirika kuliko watu wazima. Tena uchunguzi wa hospitali 13 za watoto za Amerika Kaskazini, uliochapishwa 2008, ulikuta dozi za chini kabisa zikipishana kwa wastani mara 10. Nani basi aamini kwamba 18.5 haikukisiwa?

Hata hivyo, kamera ya gama hujenga picha kwa kuhesabu miale inayotoka mwilini. Picha iliyochukua dakika 10 kwa dozi ya 18.5 itataka dakika 25 kwa dozi ya 7.4 ili ihesabiwe miale ileile. Kichanga gani atatulia dakika 25, hata akiviringishwa vizuri kwenye shuka? Akijinyonganyonga, picha inaharibika. Hapo atalazwa kwa dawa ya usingizi, yenye hatari zake, au atachomwa sindano ya pili, na mionzi iliyokwepwa asubuhi inamrudia jioni. Baya zaidi ni picha yenye ukungu kusomwa kuwa figo ni nzima. Kovu lililopitwa leo laweza kuja kuwa shinikizo la damu ujanani.

Na mionzi yenyewe ni kiasi gani? Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10, anayefikia 18.5 sawasawa, hupata takriban milisievati 0.7 (kizio cha mionzi inayoupata mwili). Kwa kichanga huzidi, maana viungo vyake ni vidogo na vimekaribiana. Mazingira peke yake humpa binadamu wastani wa 2.4 kila mwaka, na kwa manusura wa Hiroshima na Nagasaki ongezeko la saratani huonekana wazi kuanzia karibu 100. Chini ya hapo tunakadiria kwa tahadhari, na tahadhari hiyo naiheshimu, ila haitoshi kumnyima mtoto picha inayosomeka.

Programu mpya za kuchakata picha zinaruhusu kupunguza dawa, na hospitali iliyojaribu kwenye kamera yake, ikalinganisha picha, ipunguze. Isiyojaribu ibaki kwenye 18.5. Mzazi naye, akishauliza megabekereli, aulize pia picha itachukua dakika ngapi na mtoto akicheza watafanyaje.